Niliapa Juu ya Pembe, na Bati Halijapanda

BARUA

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni Mtanzania, kwetu Lushoto, lakini miaka mingi sasa naishi Bergen, Norway, na mke wangu Mnorwe na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine 5. Nafanya kazi ya zamu kwenye nyumba ya wazee. Mwaka jana nilijiunga na jumuiya ya Asatru ya hapa, yaani dini ya kina Odin, Thor na Freyja, miungu ya watu wa kaskazini kabla ya Ukristo. Hakuna aliyenishawishi, na mke wangu mwenyewe hana dini. Nilivutwa na jinsi wanavyoheshimu neno la mtu, mgeni, na wazee waliotangulia.

Shida kubwa ni hii. Kwenye karamu ya Yule, sikukuu yao ya Desemba, pembe ya kinywaji ilizunguka ikanifikia, nikaapa mbele ya watu: "Kabla ya usiku wa baridi, mama yangu atalala chini ya bati jipya." Kila mtu alijua nasemea nyumba ninayomjengea kijijini, maana nilikuwa nimewaonyesha picha. Mwezi wa tatu zamu zangu zikapunguzwa. Kuta zimefika kwenye linta, hela ya kuezeka haipo, na mama bado yuko kwenye nyumba ya zamani inayovuja juu ya kitanda chake. Bloti ya usiku wa baridi, ile ibada ya kutoa, ni katikati ya Oktoba. Nafikiria nisiende. Au nikope benki nimalize, nisionekane mwongo?

La pili, ibada ya nyumbani imenishinda. Kila usiku nawasha mishumaa, nachoma matawi ya mreteni, namimina asali na maziwa, nasoma karibu saa nzima. King'ora cha moshi kinalia, mke kachoka, na nikitoka zamu ya usiku nasinzia nimesimama. Nikiruka siku moja naogopa nimewaudhi miungu.

La tatu, pombe niliacha na sitaki kuirudia, lakini pembe huwa na mvinyo wa asali. Halafu nimebandika zile Fadhila Tisa kwenye friji na sijui nianze na ipi. Kuna mtu aliniandikia kwamba dini hii ni ya damu ya wazungu, mimi naigiza tu. Na mama yangu ni Mlutheri wa dhati, ingawa mababu zangu walikuwa na tambiko. Nimwambie nini? Watoto je?

Nijibu bila kunionea haya, mjomba.

Aliyeapa, Bergen

JIBU

Marahaba, mpwa wangu. Umefanya vema kuandika sasa badala ya Novemba, kwa sababu kiapo hutengenezeka kirahisi zaidi kabla ya siku yake kuliko baada.

Maswali yako ni mengi, ila mengi yana mzizi mmoja: unatoa kupita kiasi. Hávamál, lile shairi la mawaidha ya Odin, lina beti 164, nalo limetufikia kupitia hati ya ngozi iliyoandikwa Iceland karibu mwaka 1270. Ubeti wa 145 unasema afadhali kutoomba kabisa kuliko kutoa sadaka kupita kiasi, kwa kuwa zawadi siku zote hutazamia zawadi. Watu wengi wapya huusoma wakaupita. Mimi naona ndio ubeti wa kwanza ambao mtu angefundishwa. Ukimzidishia rafiki zawadi, unamtwisha deni. Ukiwazidishia miungu, unajiwekea kiwango ambacho utashindwa kukitunza, kisha unaanza kuwaogopa. Kiapo chako, saa yako nzima ya kila usiku na karatasi yako ya friji vyote vimepita kipimo. Tuvipunguze kimoja kimoja.

Tuanze na kiapo. Usikope, na usikose kwenda.

Mkopo wa benki usio na dhamana una riba kubwa, na ukiuchukua wakati zamu zimepungua utakuwa umemwondoa mama kwenye mvua na kuwaingiza watoto kwenye deni. Kutokwenda ni kubaya zaidi. Siku ikipita umenyamaza, lililokuwa jambo la fedha linageuka kuwa jambo la uongo, na hapo mashairi ya kale hayana huruma. Sigrdrífa, mwanamke shujaa wa mashairi hayo, anamwonya shujaa Sigurd asiape kiapo chochote ila cha kweli, kwa kuwa mvunja ahadi hufuatwa na mabaya. Völuspá, shairi la unabii, inawaonyesha walioapa uongo wakivuka mito mizito kwa taabu, pamoja na wauaji. Lakini angalia ni nani wanaoadhibiwa pale: ni waliodanganya na waliosaliti. Mtu aliyeshindwa, akasimama akasema nimeshindwa, hayumo katika kundi hilo.

Tena kuna mfano unaokufaa hasa. Katika shairi la Helgi mwana wa Hjörvard, ndugu yake Hedin aliapa juu ya kikombe, usiku wa Yule kama wewe, kwamba atamwoa Sváva, mchumba wa Helgi mwenyewe. Akajuta kiasi cha kukimbilia njia za porini, akashuka kusini mpaka akakutana na ndugu yake, akamweleza yote. Helgi hakumtukana. Alimwambia asijilaumu, maneno yale ya karamuni yatatimia kwao wote wawili. Dawa ya Hedin haikuwa kule porini alikokimbilia. Ilikuwa kumwendea anayehusika na kumwambia kwa kinywa chake.

Wanaohusika na kiapo chako ni wawili: mama, na watu waliokisikia. Anza na mama. Mpigie, umwambie ukweli wa zamu zako, kisha umuulize swali moja: kati ya nyumba mpya na kitanda kikavu mwezi huu, kipi kinamuuma zaidi? Nadhani unajua atakavyojibu. Mvua za vuli huanza Oktoba. Mwombe fundi apande juu ya nyumba ya zamani, ahesabu bati zilizooza juu ya chumba chake tu, aangalie kama mbao zilizo chini yake bado zinashika msumari, kisha akuandikie idadi ya bati, mbao, misumari na ujira wake, kila kitu kwenye mstari wake. Chagua geji 28, maana geji 30 ni jembamba zaidi. Lipa dukani moja kwa moja, na ujira wa fundi ugawe mara mbili, nusu akianza na nusu baada ya mvua ya kwanza kupita bila kuvuja. Kwenye nyumba mpya usikubali kenchi zipandishwe kabla fedha ya bati haijatimia. Mbao zikikaa wazi msimu mzima wa mvua hupinda na kuliwa na mchwa, na utalipa mara ya pili.

Sasa kuna mtego. Uliapa kwamba mama atalala chini ya bati jipya, na akiezekewa kile chumba cha zamani maneno yako yatakuwa yametimia neno kwa neno. Usijifiche humo. Waliokuwepo waliona picha za nyumba mpya, nawe ulijua unachoahidi. Kule kuezeka chumba kuwe mwanzo wa kulipa, na ukiite hivyo.

Baada ya mama, mpigie gode wenu, yule anayeongoza bloti, angalau wiki moja kabla. Mwambie kwanza kiapo chenyewe, kisha hali ilivyo kwa vipimo, halafu unachopendekeza. Fuata mpangilio huo. Wengi huanza na habari za mwajiri na ugumu wa maisha. Hapo msikilizaji anaingiwa na huruma, anawafariji, na kiapo hakizungumzwi tena mpaka kimekuwa jeraha. Pendekeza pia fidia. Katika sheria za kale za kaskazini, karibu kila kosa kati ya watu lilikuwa na fidia yake, na mtu aliyelipa alirudi kukaa mahali pake. Fidia yako iwe kazi wala isiwe fedha, maana fedha huna: kupika, kubeba kuni, kuosha vyombo, kuwarudisha watu makwao kwa gari usiku.

Kwenye bloti yenyewe, pembe ikikufikia, sema machache kama haya: "Yule iliyopita niliapa mama yangu atalala chini ya bati jipya, nami nilikusudia nyumba mpya. Nyumba hiyo imefika kwenye linta, haijaezekwa. Chumba anacholala sasa kimeezekwa upya. Tarehe 14 Aprili nitaeleza hapa nyumba mpya imefika wapi, na bloti mbili zijazo kupika na kuosha vyombo ni juu yangu." Kisha inua pembe, mpe wa pili. Aprili 14 ndiyo siku ya kwanza ya kiangazi katika kalenda ya zamani ya mbao ya Norway, kama Oktoba 14 ilivyo siku ya kwanza ya baridi, kwa hiyo kila mtu ataikumbuka. Ona kwamba hujaahidi kumaliza. Umeahidi kueleza, na kueleza kuko mikononi mwako hata zamu zikipungua tena. Usithubutu kuapa kiapo kipya kikubwa usiku huohuo ili kufunika cha kwanza. Ndivyo watu wanavyozama.

Siku nyingine ukitaka kuapa, kiapo kiwe na tendo moja na tarehe moja, na tendo lenyewe lisitegemee mwajiri, hali ya hewa wala bei ya dola. Mwambie mkeo siku chache kabla, na akisema acha, acha. Raundi ya tatu ya sumbeli, ile karamu ya pembe, hailazimishi mtu kuapa. Raundi ya kwanza kwa kawaida ni ya miungu, ya pili ya waliotangulia, na ya tatu ni ya kila mtu kwa alichonacho: shukrani, ubeti, sifa kwa jirani aliyefanya jema, au tendo ambalo umekwisha kulitimiza. Kueleza lililokwisha kufanyika kuna heshima kuliko ahadi kumi.

Ibada ya nyumbani sasa. Hakuna andiko lolote la kale linalodai ibada ya kila usiku, wala saa nzima. Hofu yako ya kuwaudhi miungu kwa kuruka siku umeibeba kutoka kwingine. Katika duara moja la bloti utakuta wanaowaona miungu kuwa nafsi hai na wanaowaona kuwa sura za nguvu za dunia. Hilmar Örn Hilmarsson, aliyeongoza jumuiya ya Asatru ya Iceland kuanzia 2003, alisema hadharani kwamba hadhani kuna mtu anayeamini mzee wa jicho moja, yaani Odin, anayepanda farasi wa miguu minane, na kwamba wao huzichukua hadithi hizo kama ushairi. Wengine watakataa kauli hiyo kabisa, na bado watapokea pembe kutoka kwake. Kinachowaunganisha ni wanachofanya.

Kila siku fanya dogo usiloweza kulikosa. Kuna sala moja ya zamani inayokufaa kuliko zote kwa kazi yako, ile anayoitoa Sigrdrífa akiamka usingizini. Anausalimu mchana na wana wa mchana, usiku na binti yake, miungu wanaume na wanawake, na ardhi inayolisha wengi, kisha anaomba vitu vitatu: usemi, akili, na mikono ya kuponya maadamu tuko hai. Iseme mlangoni kabla ya zamu, kwa Kiswahili chako, ukiwa umevaa koti: "Salaam mchana, salaam usiku, salaam miungu na miungu wa kike, salaam ardhi ulishaye wengi. Tupeni usemi na akili, na mikono iponyayo." Haimalizi hata nusu dakika. Mtu anayekwenda kumgeuza mzee kitandani ili asipate vidonda hana sala iliyo bora zaidi ya hii.

Kwa wiki, chukua Alhamisi jioni, siku ya Thor. Bakuli moja dogo, vijiko vitatu vya maziwa au maji ya tofaa, kipande cha mkate ule ule mnaokula. Mshumaa mdogo ndani ya glasi, mbali na pazia, au taa ya betri kama watoto wanazunguka. Taja unayempa, taja unachoshukuru, kaa kimya kidogo, basi. Asubuhi mwaga chini ya mti au kwenye udongo wa bustani. Dakika 10 zinatosha, na ukiwa zamuni Alhamisi hiyo, fanya Ijumaa.

Mreteni ndani ya nyumba acha. Majani yake yana mafuta na utomvu, moshi wake ni mzito, ndiyo maana king'ora kinalia. Na kuondoa betri ya king'ora ili ufanye ibada ni kuwaweka watoto wako hatarini. Uchome nje. Huko nje nako kuna masharti. Norway hairuhusu kuwasha moto wa wazi msituni na karibu na misitu kuanzia Aprili 15 mpaka Septemba 15, kwa hiyo bloti zako za kiangazi ziwe bila moto au ziwe sehemu iliyoruhusiwa. Usiache utepe wa plastiki, sarafu wala glasi. Usimwage maziwa kwenye kijito. Nyama isiachwe karibu na makazi, panya watakuja kabla ya mtu mwingine yeyote. Asali pia, hasa kiangazi, usiiache wazi nje: nyuki huichota na kuipeleka mzingani, na asali ya kigeni inaweza kubeba vimelea vya ugonjwa unaoua mabuu yao. Viumbe wa ardhi, wale wanaoitwa landvættir, wanaheshimiwa kwanza kwa kutowachafulia mahali. Sheria ya zamani kabisa ya Iceland inasimuliwa kuwa iliwataka mabaharia waondoe vichwa vya kutisha kwenye meli zao kabla ya kuona nchi kavu, ili viumbe hao wasishtuke. Kuokota taka kando ya njia unayopita kila siku ni sadaka halali kabisa, na haihitaji kiberiti.

Kuhusu pombe usihangaike hata kidogo. Hávamál yenyewe ina beti kadhaa, kuanzia ule wa 11, zinazosema hakuna masurufu mabaya ya safari kama pombe nyingi, na kwamba kadiri mtu anavyokunywa ndivyo anavyopungukiwa na akili zake. Mwambie gode mapema kwamba hunywi. Makundi mengi huweka pembe ya pili yenye kinywaji kisicho na kilevi, au huruhusu mtu ainue pembe, aiguse na paji la uso, ampe anayefuata. Wewe uko Bergen, na Hardanger yenye matofaa yake ni jirani. Peleka chupa mbili za maji ya tofaa uwe umejibu swali kabla halijaulizwa. Ukitaka ladha inayokaribia ile ya mvinyo wa asali, chemsha lita 1 ya maji, acha yapoe mpaka yawe vuguvugu, koroga asali gramu 80 hivi na limau nusu, na ukinywe siku hiyohiyo. Kikikaa kwenye joto siku kadhaa kitaanza kuchachuka, na wewe hutaki hilo.

Na pembe ina namna ya kunywewa. Ncha yake ielekeze ubavuni, kulia au kushoto, usiielekeze juu. Ikiwa juu, hewa huingia mpaka ndani ya ncha kwa mkupuo na kinywaji chote kinakurukia usoni. Kama utanunua ya kwako, usitie kitu cha moto, maana pembe hulainika na kupinda. Usiioshe kwa mashine, na usiweke maziwa, kwa sababu mabaki hukwama kwenye ncha na kunuka. Maji vuguvugu, sabuni kidogo, kisha isimamishe mdomo chini mpaka ikauke.

Sasa maadili. Hizo Fadhila Tisa za kwenye friji, yaani ujasiri, ukweli, heshima, uaminifu, nidhamu, ukarimu, bidii, kujitegemea na ustahimilivu, si za kale. Zilipangwa katika miaka ya 1970 na vikundi vya Uingereza na Marekani vilivyotaka kitu kifupi cha kufundishia. Hazina ubaya kama kumbukumbu, ila ni majina matupu, na mtu hawezi kuamka asubuhi akatenda "heshima". Zibandue, uweke ubeti mmoja wa Hávamál kwa wiki, ule wenye tendo ndani yake. Anza na wa 3 na wa 4. Mgeni aliyeingia na magoti yamepoa kwa baridi anahitaji moto, chakula na nguo kavu, kisha maji, taulo na kukaribishwa vizuri, na baada ya hapo kusikilizwa kimya akiongea. Hiyo ni ratiba ya kazi yako neno kwa neno. Bibi kizee aliyeletwa jioni kutoka hospitali, hajui choo kiko wapi: blanketi kwanza, kinywaji cha moto, taulo yake na mahali pake, jina lako, halafu ukae umsikilize kabla ya kujaza fomu. Ukifanya hivyo umefanya bloti kuliko mshumaa wowote.

Wiki nyingine weka wa 52, unaosema si lazima kutoa kikubwa: kwa nusu ya mkate na kikombe kilichoinamishwa, msemaji alijipatia rafiki. Kisha wa 19, unywe kwa kiasi, useme la maana au unyamaze. Huo ni mgumu kwenye chumba cha chai cha kazini, mahali ambapo kumsengenya aliye zamu nyingine ndiko kunapitisha muda. Jitahidi hapo hasa, kwa sababu watu wa dini hii wanaamini jina la mtu ndilo linalobaki. Ubeti wa 77 unasema ng'ombe hufa, ndugu hufa, nawe utakufa vilevile, lakini haifi hukumu ya watu juu ya kila aliyekufa. Kumchafulia mtu jina ni kumnyang'anya kitu pekee atakachobaki nacho.

Jambo dogo la kazini: kama una pete au bangili ya kiapo, ivue. Huduma za afya huko hazikubali pete, saa wala bangili mikononi, kwa sababu bakteria hujificha chini yake na mikono haioshwi ikatakata. Nyundo ya Thor ya shingoni ikae ndani ya sare.

Huyo aliyekuambia ni dini ya damu, usibishane naye usiku kucha, ila usimwachie uwanja pia. Ubeti wa 127 unaagiza ukiona uovu useme kuwa ni uovu, wala usiwape amani adui zako. Mwaka 2016 makundi ya nchi nyingi yalijitenga hadharani na kundi moja kubwa la Marekani lenye ubaguzi kwa tamko lililopewa namba ya ubeti huohuo. Na kwa hoja ya damu yenyewe, miungu wake mwenyewe wanamkana. Mama yake Odin, Bestla, ni wa ukoo wa majitu. Mama yake Thor ni Ardhi. Miungu Njord na Freyr waliingia Asgard, makao ya kina Odin, kama mateka wa amani kutoka ukoo mwingine kabisa, wakaheshimiwa kama wenyeji. Ukialikwa kwenye kikundi usichokijua, soma katiba yake kwanza, uliza nani haruhusiwi kuwa mwanachama, na utazame alama. Runi ya Tyr, herufi ya zamani ya kaskazini yenye umbo la mshale unaotazama juu, ni runi ya kale na haina kosa, lakini ndiyo bendera ya Manazi mamboleo wa Skandinavia, kwa hiyo ukiiona kubwa kwenye bango, nenda nyumbani. Katika jumuiya yako uliapa, ukasikilizwa, na watu wanasubiri jibu lako. Anayeigiza hasubiriwi jibu.

Mama usimtafute kwa mahubiri, na usimdanganye akiuliza. Akiuliza, mwambie: "Mama, nimejiunga na watu wanaoheshimu wazee waliotangulia na neno la mtu. Sijakukataa wewe wala waliokulea." Kama ataumia, muache aumie bila kumjibu kwa hoja, endelea kupiga simu Jumapili baada ya ibada yake kama kawaida. Kuhusu tambiko, kuwa mwangalifu. Kuwataja bibi na babu zako wakati wa raundi ya pili, kwa majina yao ya Kisambaa, ni sawa kabisa. Waliotangulia wako ni hao, hakuna anayekutaka uazime mababu wa Kinorwe. Lakini tambiko la ukoo lina mpangilio wake na mtu aliyekabidhiwa. Usiliendeshe Bergen kwa kukumbuka vipande ulivyoviona utotoni. Ukihisi linahitajika, mpigie mkubwa wa ukoo aliyeko Lushoto, afanye yeye.

Watoto wasiape, wala wasilazimishwe kukaa kwenye duara. Mama yao hana dini, na makubaliano yenu wawili yanatangulia bloti yoyote. Wape kinachofurahisha na kinacholiwa. Mkesha wa Krismasi Wanorwe wengi, wa dini zote na wasio na dini, huweka uji wa wali kwa ajili ya nisse, mlinzi mdogo wa nyumba na mifugo, na hapo familia nzima inaingia bila ugomvi. Chemsha mchele wa uji desilita 2 kwa maji desilita 4 mpaka maji yaingie, ongeza lita 1 ya maziwa, punguza moto kabisa, funika, ukoroge mara kwa mara kwa dakika 45 hivi, maana ukiuacha unashika chini na kunuka moshi. Chumvi mwishoni. Mkubwa apakue bakuli dogo la nisse, mdogo aweke bonge la siagi juu, lionekane, kwa kuwa kuna hadithi ya nisse aliyekasirika kwa kutoiona siagi yake iliyokuwa chini ya uji. Walitoe wenyewe mlangoni. Asubuhi bakuli lirudi ndani lioshwe, kabla panya hawajaizoea njia.